Shaba au plastiki? Mabomba yaliyotugawa tulipomjengea Mama

Familia nyingi zinazojenga hugombania vitu vinavyoonekana: rangi ya bati, aina ya vigae, geti la mbele, idadi ya vyumba. Mabomba ya maji huachiwa fundi. Yeye ndiye anayekwenda dukani, yeye ndiye anayechagua, na plasta ikishapigwa hakuna anayekumbuka kilichomo ukutani mpaka siku rangi itakapoanza kubabuka na ukuta kulowa.

Kwetu haikuwa hivyo. Sisi tuligombania mabomba kwa wiki tatu kwenye kundi la WhatsApp la familia, huku fundi akisubiri na mifereji ikiwa imeshachimbwa kwenye kuta. Upande mmoja alikuwa kaka yangu mkubwa, anayeishi Birmingham, Uingereza, akitaka mabomba ya shaba nyumba nzima. Upande wa pili alikuwa fundi wetu wa Kigamboni, aliyesema shaba ni ya mafriji na viyoyozi, nyumba inataka plastiki. Katikati nilikuwa mimi. Kazi yangu ni kuandika habari za afya, kwa hiyo kila mmoja alitaka niseme kwamba bomba la mwenzake lina sumu ili mambo yaishe.

Nyumba yenyewe ni ya Mama. Baba alituachia kiwanja na kuta zilizofika kwenye lenta, akafariki kabla ya kuezeka. Mama ana miaka 64 na mgongo wake umechoka. Kwa miaka mingi amenunua maji ya mkokoteni, dumu moja moja la lita 20, na kuyamimina kwenye pipa jikoni. Ndoto yake haikuwa jumba. Alitaka afungue koki akiwa amesimama wima.

Mdogo wetu wa kike anaishi naye, na wakati ule alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Kwa hiyo kwenye nyumba hiyo angekuwapo mtu mzima mwenye presha na kichanga. Ndiyo maana swali la mabomba lilinigusa kuliko lile la vigae. Vigae hunyweki.

Kaka alikuwa na hoja

Kaka yangu hakudai shaba kwa kuringa. Nyumba yetu ya kwanza, kule Temeke, ilikuwa na mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, kama nyumba nyingi za zamani za mjini. Kutu iliyala kwa ndani. Maji ya kwanza ya asubuhi yalitoka na rangi ya chai, na mara mbili Baba alilazimika kubomoa ukuta wa bafu kutafuta mahali panapovuja. Kaka ndiye aliyelipa mara ya pili, akiwa ndiyo kwanza amepata kazi. Anaposikia "bomba la bei nafuu ndani ya ukuta", anachokumbuka ni nyundo na vumbi.

"Huku nyumba ninayoishi ina umri kunizidi," aliandika kwenye kundi, "na shaba yake haijaguswa. Nyie mnataka kumwekea Mama mpira ukutani?"

Shaba ina sifa za kweli. Haiogopi jua wala maji ya moto, na panya hawezi kuitafuna, jambo ambalo kwa mkazi wa Dar es Salaam si dogo. Petroli au oili iliyomwagika ardhini haiwezi kupenya kwenye ukuta wa bomba la shaba, ilhali kwa aina fulani za plastiki, hasa ile nyeusi ya rola, inaweza kupenya polepole na kufika kwenye maji. Anayejenga karibu na gereji au kituo cha mafuta anapaswa kulijua hilo.

Kuna pia hoja ya vijidudu. Shaba huua bakteria wengi wanaoigusa, na watu wengi wanaposikia hivyo huhitimisha kuwa bomba la shaba linajisafisha lenyewe. Mambo si mepesi kiasi hicho. Utafiti uliofanyika Kuopio, Finland, na kuchapishwa mwaka 2004, ulilinganisha bomba la shaba na la plastiki katika mfumo wa majaribio wa maji ya kunywa. Mwanzoni utando wa bakteria ulijijenga polepole zaidi kwenye shaba. Baada ya siku kama 200, tofauti ya idadi ya bakteria haikuwapo tena. Nyumba ya Mama tunaijengea miaka 40, si siku 200.

Risasi iliyo kwenye viungio

Jambo ambalo kaka hakulitazama ni viungio. Bomba la shaba huunganishwa kwa kuyeyusha madini mengine kati ya bomba na fitingi. Kwa miaka mingi madini hayo yalikuwa mchanganyiko wa bati na risasi. Marekani ilipiga marufuku risasi hiyo kwenye mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986. Huko huko Uingereza anakoishi kaka, nyumba zilizojengwa kabla ya 1970 bado huweza kuwa na vipande vya bomba la risasi tupu, kutoka barabarani hadi jikoni.

Risasi haina rangi wala ladha ndani ya maji. Huingia kwenye damu na kwenye ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kikomo chake cha mwongozo kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba. Na msomaji akumbuke: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi. Maji yakipungua sufuriani, risasi hubaki na kuwa nzito zaidi.

Sasa tazama soko letu. Fundi wa mafriji anajua kuunganisha shaba, na kazi yake ni nzuri, lakini hakufundishwa kuunganisha bomba la maji ya kunywa. Fundi redio ana waya wake wa kuchomelea, ambao mitaani tunauita kwa jina lake halisi: risasi. Nikamuuliza fundi wetu, kama tungeamua shaba, angeunganisha kwa nini. Akajibu bila kuficha kwamba angetafuta mtu mwenye mtungi wa gesi, na huyo mtu angekuja na chochote anachotumia. Jibu hilo lilinitosha. Bomba bora lenye kiungio usichokijua si bomba bora.

Bei nayo ilikuwa na neno lake. Malori yenye shaba kutoka Zambia na Kongo huingia bandarini Dar es Salaam siku zote, lakini bomba la shaba la nyumbani hurudi kwetu likiwa bidhaa ya nje. Makadirio tuliyopewa yalikuwa zaidi ya mara nne ya plastiki. Na shaba iliyo wazi kwenye nyumba ambayo bado haina milango hukaa siku chache tu kabla ya kupimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Maji kwanza, bomba baadaye

Mwaka 2014, mji wa Flint katika jimbo la Michigan, Marekani, ulibadilisha chanzo cha maji na kuanza kuchota Mto Flint. Mabomba yalikuwa yale yale ya jana yake. Lakini maji mapya yalikuwa makali zaidi kwa metali, na hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu. Yakaanza kukwangua mabomba ya zamani kwa ndani, na risasi ikafika kwenye vikombe vya watoto.

Ninaporipoti habari za maji huwa nakumbuka somo la Flint: huwezi kusema bomba ni salama mpaka ujue ni maji gani yatapita ndani yake. Kwa hiyo kabla ya kuendelea kubishana niliomba kundi liruhusu jambo moja, tupime maji.

Kigamboni nyumba nyingi hutegemea visima, na ukanda wa pwani visima vingi vina chumvi. Mtu yeyote aliyewahi kufua kwa maji hayo anajua sabuni isivyotoa povu. Nyumba ya Mama ingepata maji ya kisima kirefu cha jirani, na bomba la mtaani pale linapotoa. Tulichukua sampuli mbili: moja kisimani, nyingine kwenye tenki la muda ambalo mafundi walikuwa wakilitumia kwa ujenzi na, kama ilivyo kawaida, kwa kunywa.

Majibu ya maabara yalituambia mambo mawili. La kwanza, maji ya kisima yalikuwa na chumvi nyingi na tindikali kidogo, pH 6.3. Maji ya namna hiyo hula metali. Yangeila zinki ya mabomba ya chuma kama yale ya Temeke, na kwa muda yangeila hata shaba. Dalili yake ni doa la kijani au la bluu kwenye sinki nyeupe, chini ya koki.

Mwili unahitaji shaba kidogo, lakini ikizidi kwenye maji huleta kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Kikomo cha WHO ni miligramu 2 kwa lita. Wenye ugonjwa wa Wilson, ambao miili yao haiwezi kuitoa shaba, wanatakiwa kujihadhari zaidi.

La pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Kisimani hapakuwa na bakteria wa kinyesi. Kwenye tenki walikuwapo. Maji yalikuwa yametoka safi ardhini, yakapita mita chache za bomba, yakachafuka mahali yalipolala. Tenki halikuwa na mfuniko. Lilifunikwa kwa kipande cha bati na jiwe.

Niliyatuma majibu kwenye kundi. Kwa siku mbili hakuna aliyeandika kitu. Jumapili tulimpigia Mama simu ya pamoja, na kila mmoja akaanza tena kutetea upande wake. Mama alitusikiliza, akauliza: "Wanangu, hilo tenki nani atakuwa analiosha?"

Kaka alicheka kwanza, kisha akanyamaza.

Plastiki nayo si moja

Tukakubaliana plastiki. Lakini neno hilo dukani linabeba vitu vingi, na anayesema "nipe bomba la plastiki la nusu inchi" anaweza kupewa chochote.

Kuna bomba la PVC, lile gumu linalounganishwa kwa gundi. Linafaa kwa maji baridi. Maji ya moto hulilainisha. Bomba nyembamba za maji taka ni za familia hiyo hiyo, nazo hazikutengenezwa kwa maji ya kunywa hata kama fitingi zinaingiliana. Na risasi haikuwa kwenye shaba peke yake. Kwa miaka mingi viwanda vilichanganya chumvi za risasi kwenye PVC ili isiharibike kwa joto wakati wa kutengenezwa. Viwanda vya Ulaya viliacha kufikia mwisho wa 2015. Ndiyo maana bomba la PVC lisilo na jina la kiwanda wala alama ya ubora ya TBS si la kununua kwa sababu tu ni nafuu.

Kuna rola nyeusi, ambayo hufaa kutoka kisimani au kwenye mita hadi nyumbani. Weusi wake ni masizi ya kaboni yanayoilinda dhidi ya jua.

Na kuna PPR, ambayo ndiyo tuliyochagua kwa ndani ya nyumba. Haina gundi wala madini ya kuunganishia. Bomba na fitingi hupashwa moto kwenye mashine ya nyuzi joto 260, kisha husukumwa pamoja na kuwa kitu kimoja. Bomba la milimita 20 hupashwa sekunde 5, la milimita 25 sekunde 7. Fundi akizidisha, plastiki huyeyuka na kuziba njia ya maji kwa ndani, nawe utalalamika miaka yote kuwa presha ni ndogo. Akipunguza, kiungio hakishiki. Akizungusha wakati wa kuingiza, anakidhoofisha. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi wa PPR si miaka mingapi ameifanya kazi hiyo. Mwombe aunganishe vipande viwili mbele yako, avikate katikati, mtazame ndani pamoja.

PPR ina adui wake, jua. Bomba linalopanda nje ya ukuta kwenda kwenye tenki hupauka na kupasuka baada ya muda likiachwa wazi. La kwetu limefunikwa. Pia haipendi joto kali la kudumu. Pwani hilo si tatizo kubwa, kwa sababu Mama anaoga maji ya baridi na bafuni kuna hita ndogo inayopasha maji yanapopita. Lakini ndugu zetu wa Arusha, Njombe au Mbeya wanaoweka hita ya jua juu ya paa wajue kuwa maji yake yanaweza kuwa ya moto kupita uwezo wa PPR. Mita za kwanza kutoka kwenye hita ziwe za metali. Hapo ndipo hoja ya kaka yangu inaposimama vizuri, shaba mahali panapoihitaji.

Watu huniuliza kuhusu chembe ndogo za plastiki ndani ya maji. WHO ilitoa ripoti mwaka 2019 ikisema ushahidi uliokuwapo haukuonyesha hatari kubwa kwa afya kwenye viwango vilivyopatikana, lakini ulikuwa mchache na utafiti zaidi ulihitajika. Sitamwambia mtu asilale usingizi kwa ajili hiyo, wala sitamwambia suala limekwisha.

Hatari ya plastiki ambayo sisi tunaijua kidogo ni moto. Novemba 2018 moto wa nyika uliteketeza mji wa Paradise, California. Baadaye maji ya mabomba yalipopimwa yalikutwa na benzini, kemikali inayosababisha saratani, na plastiki iliyoungua ilikuwa mojawapo ya vyanzo vilivyotajwa. Kwetu nyika haiungui hadi mlangoni, lakini kila jioni kuna anayechoma taka nyuma ya nyumba. Usichomee taka mahali rola ya maji inapopita juu juu. Na bomba likiungua, usitie kiraka. Kata sehemu yote iliyoguswa na moto uitupe.

Alichokidai kaka, na alichokipata

Kaka alikubali plastiki kwa masharti. Hataki tena kusikia ukuta unabomolewa ovyo. Nadhani masharti yake yaliisaidia nyumba kuliko shaba ambayo angeilipia.

Sharti la kwanza, mabomba yapimwe presha kabla ya plasta. Tulikodi pampu ya mkono. Fundi alijaza maji, akatoa hewa, akapandisha presha hadi mara moja na nusu ya ile ya kawaida, akaiacha usiku kucha. Asubuhi mshale ulikuwa umeshuka. Kiungio kimoja nyuma ya sinki la jikoni kilikuwa kinatoa tone. Fundi alikikata, akaweka kingine, tukarudia. Tone lile lingeishi ndani ya ukuta wa Mama kwa miaka.

Sharti la pili, kila ukuta upigwe picha mabomba yakiwa bado wazi, futi kamba ikionyesha umbali kutoka sakafuni na kutoka kona. Picha hizo ziko kwenye simu zetu sote. Anayetaka kupigilia msumari wa kutundika picha ya Baba aangalie kwanza.

Sharti la tatu, kila chumba chenye maji kiwe na valvu yake. Bafu likiharibika, jiko liendelee.

Pesa iliyobaki kwa kuacha shaba haikurudi mfukoni mwa kaka. Ilikwenda kwenye lile swali la Mama. Tulinunua tenki jipya lenye mfuniko unaofungwa, tukaweka wavu wa mbu kwenye bomba la kumwagia maji yaliyozidi, na koki chini kabisa ya kutolea matope. Mnara wake tuliujenga kwa ngazi ya chuma, ili anayeliosha asihatarishe shingo. Tukaongeza tenki la pili, kwa sababu hatujasahau mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao.

Kwa nini mgao unahusu afya? Bomba likiwa na presha, maji husukuma kwenda nje, na hata penye tundu uchafu hauingii kirahisi. Presha ikikatika, tundu lile lile huanza kufyonza kilichopo nje, na mitaani kwetu kilichopo nje mara nyingi ni maji ya mfereji au ya shimo la choo. Wakazi wa Dar es Salaam tunaukumbuka mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015. Wakati huo hakuna familia iliyouliza kama bomba ni la shaba au la plastiki. Iliulizwa kama maji yametibiwa na kama mikono imenawa.

Kabla hujaanza kuyatumia

Mtoto wa mdogo wangu amezaliwa salama, na miezi hii ya kwanza hahitaji maji yetu kabisa. Ushauri wa WHO ni maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila maji wala uji. Lakini ataanza uji, na uji utapikwa kwa maji ya nyumba hiyo, na mwili mdogo hupokea kila kitu kwa wingi kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo haya ndiyo tunayoyafuata, na yanafaa nyumba yoyote, ya shaba au ya plastiki.

Mfumo mpya usafishwe kwanza. Fungua koki zote, acha maji yakimbie mpaka harufu ya plastiki na vumbi la ujenzi viishe. Nasi tuliweka klorini kwenye tenki, tukafungua kila koki mpaka harufu yake ikafika, tukaiacha usiku kucha kisha tukamwaga.

Maji yaliyolala bombani usiku usiyanywe wala kuyapikia. Acha koki ikimbie kidogo, na yale ya kwanza kinga kwenye ndoo ya kudekia au mwagilia mchicha. Usipike kwa maji ya moto ya bomba, kwa sababu maji ya moto hubeba metali zaidi kutoka kwenye fitingi na koki. Koki nyingi zina shaba njano, ambayo inaweza kuwa na risasi kidogo hata kama bomba lako lote ni PPR.

Nyumba ikikaa bila watu wiki kadhaa, mimina maji yaliyotuama kabla ya kuoga. Bakteria aina ya Legionella, waliopata jina kutokana na mlipuko wa homa ya mapafu Philadelphia mwaka 1976, hupenda maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi joto 25 na 45. Tenki jeusi lililo juani hufika hapo bila msaada wa hita. Mtu huwavuta ndani kupitia mvuke wa shawa. Mwenye hita kubwa ya kuhifadhi maji aiweke kwenye nyuzi 60.

Maji ya kunywa tunaendelea kuyachemsha. Tunaosha tenki kila baada ya miezi mitatu, na kuna orodha ya zamu kwenye mlango wa friji. Kaka yuko mbali, kwa hiyo zamu yake anamlipa kijana wa jirani, kisha anadai atumiwe picha ya sakafu ya tenki ikiwa nyeupe.

Mama hulipanda kwa macho tu, akisimama chini na kuhakikisha mfuniko umerudi mahali pake. Tenki lilioshwa Jumamosi iliyopita. Zamu ijayo ni yangu.